Mahali Mchi Ulipotua

Kinu cha Bibi sasa kiko Ngarenaro, mjini, kwenye ua wa nyumba tunayopanga, kati ya bomba la maji na kamba ya kuanikia nguo. Kililetwa na guta la matairi matatu kutoka mlimani, kimelazwa ubavu na kufungwa kamba kama mgonjwa aliyekataa kwenda hospitali. Wapangaji wenzetu walitoka kukitazama. Mama Khalfani wa chumba cha mbele aliuliza kwa upole kama hatujui kwamba mashine ya kukoboa iko hapo hapo kona. Mama akamjibu kwamba anaijua, asante jirani, kisha akakisimamisha kinu, akaiegemeza michi yake miwili ukutani na kukifunika kwa ndoo iliyopasuka.

Wajomba walipogawana vitu vya Bibi baada ya maziko, kila mmoja alijua anachotaka. Mama alikuwa wa mwisho kuulizwa, akasema anataka kinu. Hakuna aliyebisha. Nadhani walimwonea huruma.

Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi. Nikituma maombi ya kazi ya ualimu huwa nayasoma tena baada ya kuyatuma, kana kwamba maneno yanaweza kujirekebisha yakiwa njiani. Basi nilikipita kile kinu asubuhi na jioni bila kukigusa, nikijiambia kwamba ni gogo la mringaringa lililochongwa, basi. Halafu mvua ikanyesha, upepo ukaibeba ndoo, na nilipoinama kumwaga maji yaliyotuama ndani, harufu ikanipanda puani: pumba za mahindi zilizolowa, moshi wa zamani, na kitu kichachu kama maziwa ya mgando. Nikabaki nimeinama. Wewe uliyekulia kwenye migomba ya Meru unaijua harufu hiyo. Ni harufu ya mchana kabla ya chakula, ya kurudi kutoka kisimani na kujua kwamba nyumbani kuna mtu.

Kiswahili changu cha kwanza kilitoka ndani ya kinu kile.

Nililelewa na Bibi mlimani, juu ya kata ya Maji ya Chai, mahali ambapo ukiiacha lami unapanda mpaka migomba na kahawa vinakuziba anga. Nyumbani tulisema Kimeru. Kiswahili kilikuwa cha kanisani na cha watu wa barabarani, na barabarani Bibi hakuniruhusu kushinda. Redio yetu ilikuwa imekufa kabla sijazaliwa, ikabaki kabatini ikiwa imevalishwa kitambaa cha kufuma. Kwa hiyo sikukisikia sana Kiswahili kikizungumzwa. Nilikisikia kikiimbwa, na Bibi alipokiimba alikuwa akikitwanga.

Alitwanga mahindi ya loshoro, ile ya maziwa ya mgando, ambayo kwake ilikuwa chakula na pia dawa ya karibu kila kitu. Aliyanyunyizia mahindi maji kidogo, akayamimina kinuni, akakaza kanga kiunoni, na mchi ulipoanza ndipo na wimbo ulipoanza, kama vile mchi ulifungwa uzi uliofika mpaka kooni kwake. Ziliimbwa zile nyimbo za zamani za kanisa, ambazo tuni zake zilikuja na wamisionari wa Kijerumani na maneno ya Kiswahili yakatafutwa baadaye, yakavalishwa tuni kama mtoto anavyovalishwa koti la kaka yake. Alioupenda kuliko zote ulianza hivi:

Baba yangu, nichukue,
nifikishe kwako juu.

Yaseme maneno hayo bila kuyaimba, utaona yanatembea yenyewe. Unalikanyaga ba la kwanza, la pili unaliachia. Unakanyaga ya, unaachia ngu. Kiswahili huweka uzito wake kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na anayekisema tangu utotoni hufanya hivyo kama anavyopumua. Lakini tuni ile haikujua habari hiyo. Ilianza na silabi nyepesi, ikafuata nzito, nyepesi tena, nzito tena, bila kujali neno lenyewe lilitaka nini. Bibi aliinua mchi kwenye ba la kwanza na kuushusha kwenye la pili. Ba-BA. Ya-NGU. Ni-CHU-ku-E. Silabi zilizobaki hewani zilikuwa nyepesi kama pumba, na zile zilizoangukiwa na mchi zilikuwa punje. Mimi nilikaa pembeni kwenye kigoda nikifukuza kuku. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kila neno lina mahali pake pa kupigwa, na kwamba mahali hapo huwa mwishoni.

Hata neno baba nililipata pale. Baba yangu mimi hakuwepo na hakuzungumzwa. Kwa hiyo Ba-BA alikuwa yule wa kwenye wimbo, aliyekaa juu, na kwa akili yangu juu palikuwa kilele cha Meru, kwa vile sikuwa nimeona mahali pa juu zaidi.

Mama alikuwa mjini. Alishona nguo kwenye chumba cha fundi mmoja hapa hapa Ngarenaro, na alipanda mlimani Jumapili moja moja, akiwa na mkate, sukari ya Bibi, na harufu ya mafuta ya cherehani mikononi. Nilimpenda kwa namna ya kuchosha. Alipokuja nilishindwa kula, kwa sababu niliona kula kutapunguza muda wa kumtazama. Jioni alipofunga mfuko wake nilimshika sketi, naye kila mara alipata neno la kunibandua: mvua zikiisha, ukikua kidogo, Mungu akipenda. Mara moja, nilipokaribia kuanza shule, alichuchumaa akanifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaniambia kwa Kimeru ili nielewe vizuri:

"Ukijua Kiswahili sawasawa, nitakuja kukuchukua. Mjini kila mtu anasema Kiswahili."

Mtoto mwingine angesahau kabla mama yake hajafika barabarani. Mimi nililala nalo. Nakumbuka hata furaha niliyokuwa nayo, maana Kiswahili nilikuwa nacho tayari, nyimbo nzima nzima. Nilichokuwa nangoja ni mtu wa kuja kuniuliza.

Aliyekuja kuuliza alikuwa Mwalimu Zuhura. Alikuwa amehamishiwa shuleni kwetu kutoka Tanga, mwanamke mwembamba, wa sauti ya taratibu, aliyevaa sweta mbili kwa baridi ya kwetu. Siku ya kwanza alitusimamisha mmoja mmoja tuseme majina. Nikasimama nikaushusha mchi mahali pake: U-pe-NDO. Darasa likacheka. Akauliza nakaa na nani. Nikamjibu kwa adabu zote, bi-BI ya-NGU, na hapo Neema, binti wa mwenye duka la barabarani, akainua mkono.

"Mwalimu, huyu anaimba."

Kabla ya mapumziko nilikuwa nimeshapewa jina, Kwaya. Kwaya, omba maji tusikie. Kwaya, leo tunafungua wimbo gani? Sikukasirika kama unavyoweza kudhani. Niliwaonea huruma. Kwa masikio yangu wao ndio waliokosea, waliipiga silabi kabla neno halijafika, kama mtwangaji mgeni anayegonga ukingo wa kinu badala ya katikati. Nilidhani hawakuwa na bibi wa kuwaonyesha.

Kisha Jumapili ikafika na Mama akaja. Nilimsikiliza akisalimiana kwa Kiswahili na mgeni aliyepita njiani, na moyo wangu ukashuka taratibu, kwa sababu alisema kama Neema. Hata hivyo nilijipanga mbele yake nikatoa Kiswahili changu chote. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda changu, akanikumbatia, akaniita kasisi wake, akanibusu kichwani. Jioni akafunga mfuko akaondoka peke yake. Sikuhitaji kuelezwa. Nilikuwa nimesema Kiswahili, kikamchekesha, na sikuchukuliwa.

Kuanzia hapo nilijitahidi mpaka nikaota. Mwalimu Zuhura alitufundisha shairi dogo alilotunga mwenyewe, la ndege aliyeitafuta mvua, akagonga meza kwa kifundo cha kidole pale neno linapotaka uzito. Asubuhi nilisema naye vizuri. Nikirudi mchana namkuta Bibi kinuni, nakaa kwenye kigoda, na wimbo mmoja ulitosha kunirudisha nilikotoka. Shule ilininyoosha na kinu kikanipinda, na mimi katikati, nikijiuliza usiku Mama amefikia wapi kungoja.

Alasiri moja Mwalimu Zuhura alipanda mpaka kwetu. Nilimwona amesimama nje ya ua wa miti ya masale, hajabisha hodi, anasikiliza. Bibi alikuwa anatwanga na wimbo umepamba moto. Mwalimu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona mahali maji yanakotoka, ndipo akaita hodi. Bibi alinituma nikamkatie mbuzi majani. Nilikata majani ya ovyo ovyo nikarudi mbio, lakini nilikuta wameshamaliza. Mwalimu alikuwa anakunywa chai. Bibi alikuwa anaufuta mchi kwa kiganja, kutoka juu mpaka chini, ingawa haukuwa na vumbi.

Kesho yake Bibi alitwanga bila kuimba.

Mwanzoni nilidhani koo linamuuma, nikampelekea maji. Akayanywa, akaendelea kutwanga. Siku zilizofuata ikawa vile vile. Mchi ulipanda na kushuka na kinu kikaitikia, lakini juu yake hapakuwa na neno. Hata kanisani alisimama pembeni yangu kitabu kikiwa wazi na midomo imefungwa, na wanawake wa kiti cha mbele wakageuka kumwangalia. Mtoto akikosa sababu hutengeneza zake. Nilifikiri labda nyimbo huisha kama chumvi. Halafu nikafikiri amefanya dhambi ambayo Mwalimu Zuhura alikuja kumweleza. Mwishowe nikafikia ile niliyoiogopa zaidi, kwamba Bibi amenichoka, na kwamba mtu aliyechoka haimbi mbele ya anayemchosha. Nikakusanya ujasiri nikamuuliza wimbo umeenda wapi.

"Umepumzika," akasema, akanipa ungo nipepete.

Kahawa iliiva, tukaichuma, ikaanikwa, na Bibi hakuimba. Mimi Kiswahili changu kikanyooka. Pasipo wimbo wa kukipinda mchana, yale ya asubuhi yalilala ndani yangu mpaka kesho yake. Siku ya kufunga shule nilisimama peke yangu mbele ya wazazi nikalisema shairi la ndege na mvua, kila silabi nzito ikiwa mahali pake na kila nyepesi ikipita bila kugusa chini. Mama alikuwa amekuja. Bibi alikaa kando yake na gauni lake la kipaimara cha wajukuu. Mama alilia. Neema mwenyewe alipiga makofi. Sikumwangalia Bibi, nilikuwa namwangalia Mama kama mtu anayetazama mlango.

Haukupita muda mrefu, Mama akaja siku isiyo Jumapili, bila mkate, na mfuko mtupu wa kuweka nguo zangu.

Bibi alinifungia ndizi na kopo la loshoro. Aliniagiza nimsaidie mama yangu, nisishinde barabarani, nisalimie watu wazima hata nisiowajua. Nikampa shikamoo ya kuaga, akaniwekea mkono kichwani, akasema nenda, mama yako alikungoja sana. Hakulia, na mimi sikulia, nilikuwa na haraka. Tukashuka. Tulipofika kwenye kona ya mfereji, ambapo njia inazama na nyumba haionekani tena, nikasikia kinu kikianza nyuma yetu. Kisha nikaisikia sauti.

Sijawahi kumsikia Bibi akiimba kwa nguvu vile. Ba-BA ya-NGU. Sauti ilipita juu ya migomba, ikatushukia njiani kama maji yaliyofunguliwa, na mchi chini yake ukapiga pale pale ulipozoea, mwishoni mwa neno, mwishoni, mwishoni. Nikasimama. Mama akanivuta mkono, akasema tutachelewa gari.

Nadhani umeshajua nilivyolielewa jambo lile. Mtoto ni mwepesi wa hesabu ya namna hiyo. Nilipokuwepo alinyamaza, na nilipoondoka akaimba. Hata kona ya pili hakungoja nifike.

Nililibeba jambo hilo mpaka mjini, nikakua nalo. Likizo nilirudi mlimani, na Bibi aliimba tena kama zamani, hata mbele yangu, alinitania kwa Kiswahili changu cha mjini na kunilisha mpaka nishindwe kuinama. Wewe ungesahau. Mimi nilifikiri: anaimba kwa kuwa anajua siku yangu ya kuondoka. Sikumuuliza. Nilipokuwa mdogo niliogopa jibu, na nilipokua niliona aibu ya swali. Nilikaa mbali kidogo na kinu, nikijifanya nasoma.

Chuoni tulipofika kwenye ushairi niliyapata majina ya vitu ambavyo nilivijua kwa masikio. Kwamba shairi la Kiswahili huhesabiwa mizani, kila silabi na haki yake sawa. Kwamba ziko lugha ambazo mashairi yake hayahesabu tu, hupima, nyepesi kwa nzito, nyepesi kwa nzito, kama mtu anayepanda ngazi. Na kwamba ukichukua wimbo uliopimwa hivyo ukaumwagia maneno ya Kiswahili, maneno huvunjika miguu. Mhadhiri alitoa mfano wa nyimbo za kanisa. Aliuimba mstari mmoja huku akitia chumvi kwenye silabi zilizokosewa, na ukumbi mzima ukacheka. Nilicheka pia, nikachelewa kidogo. Chini ya meza mkono wangu ulikuwa umeinuka na kushuka bila ruhusa.

Basi Bibi akafa, uzeeni, kitandani kwake, watu wakasema ni kifo chema. Kwenye maziko kwaya ya vijana ilikuja na kinanda cha umeme na spika. Waliuimba wimbo wake. Mwalimu wao alikuwa ameutungia tuni mpya, nzuri, ya kuchezeka kidogo, na kila neno lilisimama kwa miguu yake: BA-ba YA-ngu, hakuna lililovunjika. Wajomba walilia. Mimi nilisimama pale kaburini nikingoja kitu kitue ndani yangu, na hakikutua. Nilisikiliza mpaka ubeti wa mwisho nikilitafuta lile kosa.

Ndiyo maana nilibaki nimeinama kwenye kinu asubuhi ile baada ya mvua. Mama alitoka na beseni la nguo akanikuta hivyo hivyo. Alitundika nguo zake, akaingia ndani, na mchana aliporudi kutoka sokoni alikuwa na mahindi kwenye mfuko wa rambo. Akayanyunyizia maji, akayamimina, akanipa mchi mmoja na yeye akachukua wa pili.

Kutwanga wawili kwenye kinu kimoja ni kazi ya kusikilizana. Wako ukishuka wake unapanda, na mtu akikosea michi inagongana na viganja vinawaka. Tuligongana mara tu tulipoanza. Tukagongana tena. Mama Khalfani alitoa kichwa dirishani akauliza harusi ni ya nani, na kama tumealika majirani au tunawaamsha tu. Mama akamwambia alete sahani yake jioni.

Mama akaanza kuuimba, kwa sauti ya chini, nusu ya puani, ule ule, na tuni ile ile ya zamani. Sikuwa najua kwamba anaujua. Yeye ambaye Kiswahili chake cha mjini nilikifuata mpaka kikanitoa nyumbani, alikuwa anavunja maneno yote pale pale alipoyavunja Bibi. Nikawa natwanga nikiangalia ndani ya kinu, na nikiwa naangalia ndani, nikauliza. Nilisema sielewi kwa nini Bibi alifurahi vile siku niliyoondoka.

Mchi wa Mama ukasimama juu.

"Nani alikwambia alifurahi?"

"Aliimba, Mama. Alinyamaza miezi yote nikiwepo, tukafika kwenye mfereji, akaimba."

Aliushusha mchi taratibu mpaka ukagusa mahindi, akauegemea kwa mikono yote miwili. Kisha akanisimulia, bila kuniangalia, kama mtu anayechambua mchele. Mwalimu Zuhura alikuja siku ile akamwambia Bibi kwa heshima kwamba mtoto ana akili, ila Kiswahili chake kinatwangwa kila mchana na kuharibika, na kwamba watoto wenzake wanamcheka. Bibi aliuliza jambo moja tu: kama ni hicho kinachomweka mtoto mbali na mama yake. Mwalimu hakujua habari za ahadi, akajibu tu kwamba lugha nzuri itamfikisha popote. Jumapili iliyofuata Bibi alimweka Mama chini nyuma ya nyumba.

"Aliniambia, kama ni wimbo unaomshika, nimeshaunyamazisha. Ikabidi nimwambie kweli." Mama alivuta pumzi. "Sikuwa na pa kukuweka, Upendo. Nilikuwa nalala kwa fundi, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Kile Kiswahili nilikisema kwa sababu nilikosa la kusema, na wewe umenishika sketi."

"Kwa hiyo Bibi alijua haukuwa wimbo."

"Alijua."

"Basi kwa nini aliendelea kunyamaza?"

"Nilimuuliza hivyo hivyo. Akasema mtoto ameshaamini ahadi yako. Ukipata chumba ukaja kumchukua akiwa bado anachekwa, atadhani umemchukua kwa huruma. Akaniambia, wewe tafuta chumba, mimi nitashika upande wangu." Mama alifuta uso kwa bega. "Na aliushika. Hata kanisani. Hata alipokuwa peke yake shambani, niliwahi kumkuta, midomo imefungwa. Aliogopa usije ukapita ukausikia."

Niliuliza, ingawa nilijua ni swali la kijinga, kama siku ile basi hakufurahi.

"Nilikuvuta mkono," Mama akasema. "Unakumbuka? Magari yalikuwa mengi. Kama tungesimama pale tukausikiliza mpaka mwisho, ningekurudisha."

Kuku hawakuwepo wa kufukuza. Maji yalidondoka kwenye bomba. Nilijaribu, kama ninavyofanya siku zote, kulizungusha jambo lile nilione kila upande, nipate pembe ambayo nilipaswa kuiona tangu mwanzo. Nikayarudia kichwani maneno yaliyotufuata juu ya migomba. Nichukue, nifikishe. Miaka yote niliyasikiliza kwa mahali yalipopigwa, na kumbe yalikuwa na maana pia.

"Inua," Mama akasema. "Mahindi yanakauka."

Tukaanza upya. Akaimba, nikaimba naye, na michi ikagongana mara moja, kwa sababu ulimi wangu uliosoma uliweka uzito pale unapostahili. Mama hakusimama. Aliniambia ninafikiri, niache, mchi haungoji mtu anayefikiri. Nikaangalia mikono yake. Yake ilikuwa inapanda. Nikasubiri, na nilipolifikia tena neno baba nikauinua mchi wangu kwenye silabi ya kwanza, nikauacha juu, nikauacha kidogo zaidi ya inavyotakiwa, kama mtu aliyesimama kwenye kona ya mfereji na mkono wake bado haujavutwa, kisha nikaushusha.